Himaya ya Daladala Mbili

Katika katuni za Marvel, alikozaliwa shujaa wa upanga Red Sonja mwaka 1973, jeshi zima liligharimu wino na mkono wa mchoraji tu. Sinema ya M. J. Bassett ya mwaka 2025 kuhusu shujaa huyo haina anasa hiyo: Mfalme Mkuu Dragan anatishia dunia kwa kikosi kinachoelekea kuenea kwenye daladala mbili. Mtasema fedha zilikuwa haba. Sawa, lakini uhaba haukumlazimisha mtu kutangaza himaya. Kisasi cha upanga mmoja kingetosha. Matilda Lutz, anayeigiza Sonja, anapopigana ana kwa ana, sinema inachangamka (na vazi lake, heri kwa mhasibu, halikula chuma kingi). Kamera ikirudi nyuma ituonyeshe ukuu, tunaonyeshwa daftari la mahesabu.