Ngeli za Faini: Mwongozo kwa Waazimaji wa Taru

Wanaisimu wametufundisha kwamba neno "faini" limo katika ngeli ya I-ZI: faini imeingia, faini zimeingia, umbo ni lilelile. Inaelekea wanaisimu hawajawahi kuchelewesha kitabu. Ndani ya kompyuta ya maktaba faini hubadilika umbo usiku, watu wakiwa wamelala, na kukicha imenenepa. Kwa hiyo tunapendekeza uainishaji mpya, uliojengwa juu ya sampuli ya kitabu kimoja, mwazimaji mmoja na njia yote ya kutoka Taru hadi maktaba ya Kwale mjini.

Tuichukulie kaunta yetu kuwa inatumia Koha, programu huria inayotumika pia katika vyuo vikuu kadhaa vya Kenya. Iliandikwa New Zealand mwaka 1999 na kampuni ya Katipo kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, ikaanza kazi Januari 2000, maana mfumo wa zamani ulihofiwa kushindwa na mwaka huo. Jina lake ni la Kimaori, maana yake zawadi. (Zawadi inayotoza faini! Hilo tuwaachie wanafalsafa.)

Ngeli nyepesi kuliko zote ni KI-VI, faini ya kipindi. Hii haijali siku moja moja, huhesabu vipindi, tuseme vya siku saba. Mkutubi huchagua kipindi kitozwe kikianza au kikiisha. Kikitozwa mwanzoni, aliyechelewa siku moja hulipia wiki nzima. Kikitozwa mwishoni, wa siku sita huenda zake bila kudaiwa.

Ngeli ya I-ZI, faini ya siku, ndiyo iliyotukosesha usingizi. Sampuli yetu ilitakiwa irudi Ijumaa, ikarudi Jumatano. Tuseme faini ni shilingi 5 kwa siku, na siku za huruma ni mbili. Jumapili maktaba hufungwa. Jumatatu ilikuwa Idd. Je, tumechelewa siku ngapi? Programu ikiambiwa isiitazame kalenda, ni 5. Ikiambiwa iruke siku za kufungwa, ni 3. Ikiambiwa iziruke lakini mkutubi amesahau kuiandika Idd, ni 4. Kisha ije huruma, nayo ina tabia mbili. Kuna huruma ya kweli, ambayo siku zake mbili hazilipwi kamwe. Na kuna huruma ya mwenye nyumba: ukirudi ndani ya siku zake umesamehewa, ukizipita kwa siku moja tu, hugeuka ikadai tangu mwanzo. Piga hesabu utapata shilingi 5, 10, 15, 20 au 25. Kitabu kimoja, kuchelewa kumoja, bei tano, na programu haikukosea hata mara moja.

Ndiyo maana tunahitaji ngeli ya U-I, yaani ya mwezi unaoandama. Kalenda ya Koha hupokea siku ya kufungwa ya kila wiki, kama Jumapili. Ya kila mwaka tarehe ileile, kama Jamhuri ya 12 Desemba. Na ya mara moja tu. Idd-ul-Fitr haimo katika mbili za kwanza. Husubiri mwezi uonekane na Kadhi Mkuu atangaze, na hutangazwa usiku, wakati uleule ambao hesabu ya faini kwa kawaida hupigwa. Baina ya tangazo na hesabu amesimama mkutubi mmoja, ambaye usiku huo ana kanzu za watoto za kupiga pasi.

Juma nalo lina hesabu zake: wazee wa Kiduruma, kama Wamijikenda wengine, walihesabu juma la siku nne. Kwao mkopo wa siku 14 ni majuma matatu na siku mbili juu, hesabu ambayo Koha haina kisanduku chake. Faini yao ilikuwa mbuzi. Mbuzi hagawiki robo kwa siku, na akizaa, humzalia aliyelipwa.

Ya PA-KU-MU, ngeli ya mahali, haimo kwenye programu hata kidogo. Mwazimaji wa Kwale mjini hurudisha kitabu kwa miguu. Wa Taru hupitia Samburu na Kinango, na nauli ya kwenda tu huzidi zile shilingi 25. Basi husubiri mpaka kuwe na mazishi, kliniki au kitambulisho cha kufuatilia, na kitabu kipate lifti. Kuchelewa kwake ni uchumi uliokomaa, ingawa kompyuta humwandika mzembe.

Huko Garissa, miaka ya 1990, ngamia ndio walioanza kuwapelekea watu vitabu. Mwandishi Masha Hamilton alitunga riwaya juu ya maktaba hiyo mwaka 2007, na ndani yake kitabu kimoja kisiporudi, kijiji kizima hukosa ngamia. Hiyo ni ngeli ya A-WA: faini huwaangukia watu. Maktaba ya Chicago nayo ilifuta faini za kuchelewa Oktoba 2019, ikawaharibia wanaisimu kazi.

Hatujaomba Kwale iige Chicago. Tuna ombi moja kwa wakutubi wa pwani nzima: mwezi ukitangazwa, kabla hamjafunua sufuria ya pilau, fungueni kalenda muiandike Idd.