Ujana wa Kopo

Krimu ya kuondoa makunyanzi, kwa sehemu kubwa, ni mafuta ya kulainisha ngozi yaliyoongezewa bei. Ngozi ikipata unyevu hutuna kidogo, mikunjo midogo ikajificha hadi uso uoshwe. Hata vaselini hufanya kazi hiyo, bila picha ya msichana wa miaka 20 anayesifu ujana wake uliorejea.

Kolajeni, protini ya ngozi, ndiyo mfalme wa lebo. Ikipakwa, molekuli zake ni kubwa mno kupenya ngozi. Ikinywewa, tumbo huimeng'enya linavyomeng'enya maharagwe, wala halisomi lebo likajua kwamba vipande vyake vilikusudiwa usoni. Majaribio kadhaa yanayoisifu yamegharamiwa na wanaoiuza. Sadfa hizo hutokea.

Yenye ushahidi ni tretinoini, dawa ya kupaka ambayo daktari wa ngozi Albert Kligman wa Marekani alichapisha matokeo yake mwaka 1986. Huchukua miezi, huwasha, na mjamzito hashauriwi kuitumia: sifa zisizopendeza tangazoni.

Lakini makunyanzi yenyewe hutoka wapi? Keroka, mji wa Kenya ulio mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, uko nyanda za juu, ambako miale ya urujuanimno huwa mikali hata hewa ikiwa baridi. Miale hiyo ndiyo fundi mkuu wa makunyanzi. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, huipunguza makali bila kudai hata shilingi. Anayejichubua kwa krimu za zebaki au haidrokwinoni, zilizopigwa marufuku Kenya, hulipia kuondolewa kinga aliyozaliwa nayo. Kofia pana ya mtumba ingemfaa zaidi.