Wembe wa Mkubwa

Wakusanyaji wa kadi za kale za besiboli huko Marekani wana adabu zao, na iliyo kuu ni kwamba kadi haikatwi kingo. Anayechukua wembe akanyoosha pembe iliyochakaa, kisha akaiuza kimya kimya, hasalimiwi tena. Adabu njema. Ila kadi yao maarufu kuliko zote, nakala moja ya kadi ya mchezaji Honus Wagner ya enzi za pakiti za sigara, 1909 hadi 1911, ndiyo ya kwanza kupimwa ubora na kampuni ya PSA, mwaka 1991: ikapewa alama 8 kati ya 10 na kufungiwa kwenye plastiki kama mwali ndani. Mwaka 2007 ikauzwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 dalali Bill Mastro, aliyewahi kuimiliki, akakiri mahakamani kwamba aliikata kingo. Ikatengwa? Thubutu! Ya fukara ikikatwa ni takataka, ya mkubwa ikikatwa ni historia.

Watetezi watasema kadi ya Wagner ni adimu, hata iliyochanika hugombewa. Kweli, zinazojulikana hazifiki mia. Basi kinacholipiwa ni uhaba, si kingo, na mgeni anayevunja adabu nyingine, akashika kadi ya babu yake kwa vidole vitupu, anakaripiwa kwa lipi? Na watengenezaji wenyewe je? Sy Berger, aliyeshiriki kubuni kadi za kampuni ya Topps za 1952, alisimulia kwamba zilizododa walizipakia kwenye tishari wakazimwaga Atlantiki. Huko hakuna aliyevaa glavu.