Saba Bora za Jumamosi Asubuhi

Baridi ya Eldoret, mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, haimpi mtoto sababu yoyote ya kutoka kitandani mapema. Hata hivyo, yule yule aliyeamshwa kwa vitisho Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi utamkuta macho kabla ya jogoo, blanketi mabegani, runinga imewashwa. Orodha hii haipimi ubora wa michoro wala mafunzo. Nauliza jambo moja tu: kipindi kilimkaribisha mtoto vipi? Mwenye malalamiko apange foleni Uganda Road.

7. Mistari ya rangi
Hiki hakikuwa kipindi. Ilikuwa skrini ya kusubiri stesheni ifungue matangazo, na kwenye runinga ya Great Wall ya inchi 14 rangi zote zilikuwa mbili: kijivu, na kijivu iliyokolea. Tuliitazama hivyo hivyo. Anayewahi karamu hachagui kiti.

6. Captain Planet
Vijana watano, pete tano, dunia moja ya kuokolewa. Wheeler alitoka Amerika Kaskazini, Kwame alitoka "Afrika", basi; kaunti haikutajwa. Kila mtoto alitaka kuwa Kwame mwenye pete ya ardhi au Wheeler mwenye pete ya moto. Aliyechelewa kufika alipewa Ma-Ti na pete yake ya moyo, akanuna hadi mchana. Kipindi chenye nafasi ya kila mtu ni kizuri, ila nafasi nyingine zina machozi.

5. Tom and Jerry
Paka na panya hawa walianza kufukuzana mwaka 1940 na hawajapatana hadi leo. Siri yao ni kwamba karibu hawasemi neno. Pale mtaani Langas, ambapo ploti moja ina Mluhya, Mkikuyu, Mjaluo na Mnandi, hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Kogo, yaani bibi, aliyekuja kutoka kijijini, asiyeelewa Kiingereza cha mtangazaji, alicheka kwa wakati mmoja na wajukuu, mara nyingine kabla yao. Na Jerry anakimbia kama aliyelelewa Iten kwa wanariadha. Tom naye hana kocha.

4. Machachari
Najua, najua, hii ya stesheni ya Citizen haikuwa ya Jumamosi asubuhi. Orodha ni yangu. Govi na Baha walizua balaa kwa Kiswahili cha mtaani, nguo zao zilichafuka kama zetu, na mama yao aligundua kila kitu. Hapo mtoto hakuhitaji kuambiwa amekaribishwa, alikuwa nyumbani.

3. Tinga Tinga Tales
Kwa nini tembo ana mkonga? Kwa nini nyoka hana miguu? Kilipotoka mwaka 2010, kipindi kilichukua hadithi za Kiafrika, kikazivika mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Dar es Salaam aliyefariki 1972, na kazi ya kuwafanya wanyama watembee ikafanyiwa Nairobi kwenye studio ya Homeboyz. Mzazi alijua hadithi, mtoto alijua wimbo, wakakutana katikati. Hasara ni moja: kipindi kikiisha, maswali hayaishi. Kwa nini ni ugali tena? Kwa nini soksi zifuliwe leo?

*Nje ya orodha:* Februari 2015, vita vya kuhamia matangazo ya dijitali vilizizima stesheni za NTV, KTN na Citizen kwa karibu wiki tatu. Wakubwa walililia taarifa ya saa moja. Hakuna aliyewauliza watoto walichokosa. Pole pia kwa watoto wa Kisabato, ambao Jumamosi zao zote ni za kanisani. Wao husimuliwa Jumapili, na msimulizi huongeza vita visivyokuwepo.

2. Akili and Me
Akili ana miaka minne, anaishi chini ya Kilimanjaro, na akilala anaingia Lala Land kucheza na marafiki wanyama. Ni kazi ya shirika la Ubongo la Dar es Salaam, wale wale walioanza na Ubongo Kids mwaka 2014. Ufundi wake uko kwenye kunyamaza: Akili anauliza, kisha anasubiri. Mtoto anajibu kwa sauti, peke yake, na anaamini amesikika. Watu wazima wangapi wanamsubiri amalize sentensi? Nalalamika kidogo tu kwamba tangu stesheni ya Akili Kids ifunguliwe Machi 31, 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa korona, katuni zinapatikana kila siku bila malipo, na Jumamosi imepoteza cheo.

1. Salamu
Ndiyo, salamu. Kwenye vipindi vya studio, Club Kiboko na wenzake, mtoto alisogezewa maikrofoni, akasahau jina lake, kisha akakumbuka sala ya taifa: nasalimia mama, baba, mwalimu, na wote wanaonijua. Sisi tulikuwa kilomita zaidi ya 300 kutoka Nairobi na hatukumjua hata kidogo, lakini tuliitikia. Leo pale mtaani Kapsoya kuna mtoto amesimama juu ya stuli, ameshika mwiko, anamsalimia binamu wa Turbo, shangazi wa Burnt Forest na ng'ombe wawili kwa majina. Atakatizwa hewani saa sita, mama akiutaka mwiko wake. Ugali hausongwi kwa salamu.