Kimea Hakitaki Moto, Kinataka Joto

Homa ya vifaa humshika mpika bia wa nyumbani kabla hajanunua hata kilo moja ya kimea. Leo anatafuta ndoo. Kesho yuko gerejini kwake huko Marekani, anachora masufuria matatu, pampu mbili na kisanduku chenye taa nyekundu na kijani, na mkewe anauliza gari litalala wapi. Ndugu mpishi, weka kalamu chini. Swali la kwanza si hita gani ununue. Swali ni kimea chako kinataka nini.

Kinataka utulivu. Ukishachanganya kimea kilichosagwa na maji ya moto, vimeng'enya vilivyomo huanza kuukata wanga kuwa sukari, na kila kimoja kina joto lake. Kati ya nyuzi 60 na 65 hutawala kile kinachotoa sukari ambayo hamira huimaliza, na bia hutoka nyepesi, isiyobakiza utamu. Kati ya 68 na 72 hutawala mwenzake, na bia hujaa mdomoni. Wengi hulenga 65 hadi 68 na kuacha uji huo saa moja. Kimea cha kisasa hakidai zaidi ya hapo.

Kwa hiyo anza na sanduku la plastiki la kubebea vinywaji baridi, lile la pikiniki. Hutunza joto kama hotpoti inavyotunza wali. Chukua kilo 5 za kimea kilicho kwenye nyuzi 20 na lita 15 za maji ya nyuzi 73 au 74. Ukichanganya utatua karibu na 67. Pasha sanduku lenyewe kwanza kwa maji ya moto, la sivyo litakunyang'anya nyuzi kadhaa. Koroga, funika, ondoka. Wapenzi wa mabomba watakucheka, na uwaache wacheke huku wanafungua viungio vinavyovuja. Bia nzuri sana zimetoka kwenye masanduku haya.

Sufuria juu ya jiko la gesi inamfaa mwenye mkono usiochoka. Kitako huungua wakati juu bado ni vuguvugu, na kipimajoto kilichochomekwa mahali pamoja husema habari za mahali hapo tu. Washa moto mdogo, koroga mpaka chini, uzime kabla hujafika nyuzi unazotaka, maana joto la kitako litaendelea kupanda. Na kama unapika ndani, fungua milango: gesi inayoungua vibaya hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Wacheki na Wajerumani wana njia ya kuchota sehemu ya uji, kuichemsha pembeni na kuirudisha ili yote ipande joto. Kiwanda cha Pilsner Urquell mjini Plzeň bado hufanya hivyo mara tatu kwa pishi moja. Ni kazi tamu ya siku ndefu.

Sasa kwa anayetaka kupandisha joto kwa ngazi bila kukoroga, zimebaki njia mbili, na zote zinataka pampu. Ya kwanza hupitisha maji ya kimea ndani ya bomba lenye hita. Ni ya haraka, ila punje zikiziba na maji yakasimama, yaliyokwama kwenye bomba huungua na bia yote hunuka moshi. Ya pili hupitisha maji hayo kwenye koili iliyozama ndani ya sufuria ya maji moto. Huenda polepole, lakini hita haiugusi utamu hata kidogo. Mimi ningechagua koili, bila kusita.

Lakini kabla ya kulipa, tazama ukuta. Soketi ya kawaida ya Marekani, volti 120 na ampea 15, itakupa salama wati 1,440 kwa kazi ya muda mrefu. Zinatosha kupandisha uji wetu kutoka 66 hadi 76 kwa dakika kama 10, ila kuchemsha lita 25 kutoka 65 kutakuchukua zaidi ya dakika 40. Uingereza, soketi ya ampea 13 inabeba karibu kilowati 3, na mambo ni mepesi. Hita ya wati 5,500 inataka volti 240 na waya wake peke yake, na hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Umeme na maji viko chumba kimoja hapa: usiwashe chochote bila waya wa ethi na swichi inayokata umeme unapovuja.

Pampu iwashwe kwanza, hita baadaye. Na siku ya kuzima, hita kwanza.