Noheli ya Kwanza Kigali: Mwongozo kwa Waliohama na Baridi Yao

Hongereni kwa kurudi. Miaka yote mliyokaa Brussels, Montreal au Oslo mliilaani baridi kila Desemba, mkaapa mbele ya mashahidi kwamba siku mkipata kazi Kigali hamtavaa tena soksi za sufu. Kazi imepatikana. Nyumba imepatikana Kibagabaga. Watoto wameandikishwa shule. Imebaki sikukuu, na sikukuu, kama mjuavyo, hainogi bila ile baridi mliyoikimbia. Fuateni hatua hizi kwa mpangilio, na msiruke hata moja.

Hatua ya kwanza: Hameni na majira yenu

Pakieni kila kitu: mti wa plastiki, pamba ya kufanyia theluji, masweta mekundu yenye picha ya kulungu, kofia za sufu za familia nzima. Zawadi zifungeni moja moja kwenye mifuko ya plastiki, ili mpate cha kuzungumza na maofisa wa uwanja wa ndege wa Kanombe. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, na 2019 ikaongeza plastiki nyingine za kutumia mara moja na kutupa. Mtatoka pale mmebeba zawadi mikononi, zikiwa wazi, na kila mtoto ameshajua alichonunuliwa. Mmejipunguzia kazi ya tarehe 25.

Masweta msiyatupe, kwa sababu joto la Kigali lina adabu zake. Mji uko vilimani, mita zipatazo 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mwaka mzima mchana haupiti sana nyuzi 27, usiku hushuka hadi kama 15. Mtu wa Mombasa akifika hapa Desemba huomba blanketi. Ninyi mtamwona motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, amefunga jaketi zito mpaka kidevuni huku baba wa familia amepanda nyuma yake kwa kaptura na kandambili, akiguna kwa dharau. Baba huyo muulizeni tena Desemba ijayo. Atakuwa na jaketi zito kuliko la motari.

Hatua ya pili: Itafuteni theluji

Watoto wataiuliza, na haifai kuwadanganya. Desemba ni tamati ya mvua za vuli, na mara moja moja mvua ya mawe hupiga mabati kwa dakika chache, uani kukawa kweupe. Huo ndio msimu wenu wa theluji. Pigeni picha upesi, tumeni kwa waliobaki, halafu mfagie.

Wakiendelea kulia, waonyesheni mlima Karisimbi, mita 4,507, ambao asubuhi nyingine kilele chake huamka cheupe. Kuupanda na kushuka ni safari ya siku mbili, kibali cha Hifadhi ya Taifa ya Volkano hulipiwa kwa dola, na hakuna mahali pa kutelezea. Wakishasikia hesabu hiyo, wenyewe watasema pamba inatosha.

Giza nalo ni adimu. Oslo mlizoea jua kuzama saa tisa alasiri, taa za mti zikapata muda wa kujionyesha. Hapa jua huchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni, Desemba sawasawa na Juni. Likizama, mji una mapambo kuliko ninyi: taa kwenye mizunguko ya barabara, na kuba la Kigali Convention Centre, jengo lililofunguliwa 2016, likibadili rangi. Mti wenu wa sebuleni utabaki kutazamwa na paka.

Hatua ya tatu: Andaeni mlo wa watu wanne

Hapa ndipo familia nyingi zilizotoka ughaibuni hung'ara. Wekeni sahani nne, glasi nne, na kadi nne zenye majina. Tangazeni kwamba chakula ni saa saba kamili. Zungukeni mji mzima mkitafuta bata mzinga, mkimkosa rudini soko la Kimironko mkanunue kuku wa kienyeji akiwa hai. Mleteni nyumbani siku tatu kabla, watoto wampe jina. Usiku wa tarehe 24 mtagundua kwamba hakuna wa kumchinja, na kwamba mtoto wa mwisho amelala naye.

Saa saba kasorobo, kengele ya geti italia. Ni shangazi, na binti zake, na waume wa binti zake, na kijana mmoja ambaye hamtajua ni wa nani hadi jioni.

"Karibu, Shangazi. Hatukujua kama mnakuja."

"Aa, mwanangu, hatukai. Tunapita tu kuwasabahi."

Anayepita tu Kigali huketi mpaka saa tatu usiku. Msimwambie kwamba Brussels mtu hupiga simu wiki mbili kabla. Ataelewa kwamba Brussels ni mahali pa kuombewa. Kadi zenye majina zifichwe. Mama atume mtu mbio akalete brosheti, yaani mishikaki, za mbuzi, ndizi za kuchoma na ile nyama ya nguruwe ambayo mji mzima unaiita akabenzi. Anayekunywa apewe bia ya Primus, asiyekunywa apewe Fanta, wazee wapewe ikivuguto, maziwa ya mgando, yakiwa baridi. Isombe, yaani kisamvu, shangazi amekuja nayo mwenyewe, sufuria nzima, jambo linaloonyesha kwamba katika nyumba hii aliyejua idadi ya wageni ni mgeni.

Jirani aliyekulia Biryogo, mtaa wa Waislamu ambako Kiswahili kilizungumzwa vizazi vingi kabla ya kufanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017, naye atapita na sinia la pilau. Lipokeeni, na sinia lisirudi tupu. Siku ya Idi ni zamu yenu kupita tu.

Hatua ya nne: Safirini siku moja na kila mtu

Mmewahi kusikia habari za Wachaga wanavyorudi Moshi kila Desemba mpaka Dar es Salaam ikapumua. Kigali nayo ina Moshi zake nyingi: Huye, Musanze, Rusizi, Nyagatare. Nendeni kituo cha Nyabugogo asubuhi ya tarehe 24, na masanduku ya magurudumu, mkaulize kwa upole kama kuna viti vinne vya dirishani. Nauli hupangwa na mamlaka ya udhibiti, RURA, kwa hiyo hamtaibiwa kwa bei. Mtakachokosa ni basi lenyewe. Siku hizo mabasi huwa yameshughulika pia na wanafunzi wa bweni, ambao hukusanywa kwa makundi, Uwanja wa Pelé kule Nyamirambo ukiwa kituo chao kikuu.

Wenye gari lao wataona wamepona. Barabara ni nzuri, milima inapendeza, na kila baada ya mwendo fulani imesimama kamera ya kasi ambayo wananchi wameipa jina la Sofia. Sofia hana likizo. Ujumbe wa faini utaingia kwenye simu kabla ya salamu za bibi.

Hatua ya tano: Lalieni siku ya Umuganda

Umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, hufanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano, na huwahusu wenye umri wa miaka 18 hadi 65. Jumamosi ya mwisho ya Desemba lazima iangukie kati ya tarehe 25 na 31. Mkitaka kujua kama mwaka huo itafanyika, muulizeni mkuu wa mudugudu, yaani kitongoji chenu. Msimuulize mkiwa ndani ya gari mkielekea ziwa Kivu, saa tatu asubuhi, na maboya ya kuogelea juu ya paa.

Mkijitokeza, mtapewa jembe na mtaro wa kuzibua, kisha mkutano. Mkutanoni majirani wote watawajua kwa sura, watajua mnakaa wapi, na watajua leo mpo nyumbani. Mmeelewa maana yake kwa chakula cha mchana.

Hatua ya sita: Mkidhani imekwisha, kuna Ubunani

Mwaka mpya hapa huitwa Ubunani, na una deni. Usiku wa tarehe 31 fataki hurushwa mjini, na aliye juu ya kilima chochote huziona bure. Asubuhi yake zamu ni ya mlinzi, mfanyakazi wa bustani, watoto wa jirani na yule motari wa jaketi zito. Kisingizio cha kukosa chenji kilikufa siku malipo ya simu yalipoingia. Namba yake mlinzi ameshaiandika ukutani, karibu na geti, kwa mkaa.

Serikali, kwa kujua mambo haya, imefanya tarehe 1 na tarehe 2 Januari zote kuwa sikukuu. Ya kwanza ni ya kupokea wageni. Ya pili ni ya kupokea waliowakosa siku ya kwanza.

Mwakani, basi, fanyeni yafuatayo tu: nunueni sufuria kubwa, pikeni kwa watu ishirini, na geti msilifunge. Watakuja thelathini.