Nyasi Zilizokufa kwa Kupendwa

Kando ya barabara ya Ukunda kwenda Msambweni kuna kiwanja cha mpira ambacho ukoka wake hauna mwenyewe. Mvua huumwagilia, mbuzi huukata, na vijana huukanyaga kila jioni wakigombania penalti. Sijaona siku umeugua. Ng'ambo ya ukuta, shemeji yangu alikuwa na nyasi za pemba zilizohudumiwa usiku na mchana, nazo zikaoza.

Shemeji alistaafu Nairobi, akaja kujenga huku kwetu, akaapa kwamba bintiye ataolewa juu ya nyasi za nyumbani. Ilikuwa Mei, masika yamepamba moto. Kila magharibi alitoka na mpira wa maji akamwagilia palepale mvua ilipokwisha kumwagilia. Akaona rangi haijakolea, akanunua yuria, ambayo asilimia 46 yake ni naitrojeni, akaitawanya kwa vikopo bila kupima.

Wiki ya harusi yakazuka mabaka ya duara, ya kahawia, mengine upana wa sinia. Shemeji akawashuku mbega. (Mbega wa Diani hulaumiwa kwa kila kitu, hata umeme ukipotea.) Jirani akasema ni mkojo wa mbwa. Bibi mmoja akakata shauri kuwa majini wamecheza ngoma usiku. Msimcheke, Waingereza nao, wakiona uyoga umeota duara kwenye nyasi, walisema vibwengo wamecheza hapo.

Alfajiri, umande haujakauka, niliinama nikatazama. Pembezoni mwa baka palikuwa na utando mweupe, mwembamba mno, ambao jua likichomoza huuoni tena. Hiyo ni kuvu, yumkini ile iitwayo Rhizoctonia solani, na kwa shemeji ilikuwa imeandaliwa karamu: usiku wa joto, majani yaliyolowa hadi asubuhi, na chipukizi laini zilizonenepeshwa na yuria. Nikachuma jani moja. Ncha yake ilikuwa imechanikachanika kama mswaki wa mti uliokwisha kazi. Kisu cha mowa, mashine ya kukatia nyasi, kilikuwa butu, hakikati, kinararua. Na jani lenye kidonda ni mlango wazi.

"Shemeji, kisu kinolewe, na maji yamwagwe asubuhi ili majani yakauke mapema," nikasema.

"Huoni zimekauka? Zina kiu hizi!"

Akaongeza maji. Hapo ndipo ugonjwa huu unapowashinda wengi: nyasi inayooza ina rangi ileile ya nyasi yenye kiu, na mwenye mapenzi hukimbilia mfereji.

Siku mbili kabla ya harusi akaamua kuzinyoa. Wajuzi husema usikate zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja. Yeye alikata kipara, tena nyasi zikiwa mbichi. Mowa ikapita juu ya mabaka, ikabeba vipande vilivyolowa hadi pembe ya mbali kabisa, penye nyasi nzima zilizokuwa zimesalia. Mabaka yakaungana yakawa baka moja.

Harusi ilihamia ukumbini Ukunda, juu ya vigae, na bibi harusi alipendeza vilevile.

Nusu gunia la yuria bado limo stoo. Mwenye shamba la mahindi, popote kati ya Diani na Msambweni, tafadhali aje alichukue upesi, maana shemeji ameshaagiza nyasi nyingine.